Istilahi za Boti Ndogo ya Uvuvi: Tuulize Pwani Kabla ya Kubuni

Miongoni mwa matini zinazomfikia mfasiri ni maelekezo ya matumizi ya boti ndogo za injini: vijitabu vya watengenezaji, masharti ya bima, na kanuni za usalama baharini. Nyingi zimeandikwa katika nchi ambako uvuvi huu ni burudani ya siku ya mapumziko. Katika makala haya tunakusudia kuifuata safari moja ya aina hiyo, tangu boti inapotoka nyumbani hadi inaporejea, ili tuone ni istilahi zipi ambazo Kiswahili tayari kinazo, zipi zinazohitaji kuundwa, na ni hatari gani itakayomkabili msomaji endapo mfasiri atateleza.

Tumechagua mfano wa Uingereza. Huko mvuvi wa kujifurahisha mara nyingi hana mahali pa kuegesha chombo majini mwaka mzima. Boti yake, yenye urefu wa mita 5 hivi, hukaa nyumbani juu ya kigari kisicho na injini, ambacho hukokotwa na motokaa hadi pwani. Kigari hicho ni tela, kama wasemavyo madereva na wakulima wetu, wala hakuna haja ya kukitafutia jina jingine. Pwani kuna sakafu ya saruji iteremkayo hadi ndani ya maji. Motokaa hurudi kinyumenyume, tela likazama kiasi, na boti ikaelea.

Hapa ndipo kosa la kwanza linapoweza kutokea. Mfasiri anayetegemea kamusi ya lugha ya kigeni peke yake aweza kuandika kwamba boti "imezinduliwa". Kuzindua, kwa maana hiyo, ni kufungua jambo rasmi, pengine kwa ngoma na hotuba. Mvuvi hazindui chombo kila asubuhi; hukishua. Kushua ni kukiingiza chombo majini, na kutokana na kitenzi hicho twaweza kuiita ile sakafu ya saruji mteremko wa kushulia. Neno diko libaki kwa maana yake pana zaidi, yaani mahali vyombo vya uvuvi vinapofikia na kuondokea, hata kama hapana saruji yoyote.

Kabla ya kushua kuna jambo moja la lazima. Boti ikaayo juu ya tela huwa na tundu chini, upande wa nyuma, ili maji ya mvua na ya kuoshea yatoke. Tundu hilo huzibwa kabla boti haijagusa bahari. Akisahau, mvuvi huyaona maji yakipanda miguuni mwake kabla hajafika mbali. Je, kizibo hicho tukiiteje? Lugha yetu ilikwisha kukipa jina zamani: nguruzi. Mabaharia wa vyombo vya mbao walilitumia kwa kizibo cha kazi hiyo hiyo. Kuwa kizibo cha sasa ni cha plastiki au shaba hakulifanyi neno kuwa limepitwa na wakati.

Vivyo hivyo kwa sehemu nyingine za chombo. Mbele ni omo, nyuma ni tezi, na chini kabisa, maji yanapokusanyika, ni ngama. Wahenga waliyaweka maneno yote matatu katika methali moja: tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kuyatoa maji hayo ni kufua maji. Injini inayofungwa tezini na kuondolewa huitwa na wavuvi wetu injini ya kupachika, na kile kinachozunguka majini ili kukisukuma chombo ni rafadha. Huku kuandika "upande wa mbele wa boti" si kosa. Bali katika kanuni ya usalama neno moja lisilo na utata ni bora kuliko maneno matano.

Bahari yenyewe pia ina istilahi zake. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu huwa bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana. Katikati ya vipindi hivyo huwa maji mafu. Unguja tofauti baina ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hupita mita 3. Katika mlangobahari wa Bristol, Uingereza, hukaribia mita 14. Kwa sababu hiyo, huko mteremko wa kushulia waweza kuachwa mkavu kwa saa kadhaa, na mvuvi asiyerudi kwa wakati hupwelewa. Mfasiri akiandika "mawimbi makubwa" mahali pa bamvua, msomaji ataangalia upepo badala ya kuangalia mwezi.

Kuhusu uvuvi wenyewe hatuna upungufu: mshipi, ndoana, chambo, chubwi la kuzamishia mshipi, na nanga. Shida iko katika majina ya samaki. Yuko samaki mashuhuri wa bahari baridi za kaskazini, wa jenasi iitwayo Gadus, ambaye ni rahisi kumwita chewa. Lakini chewa wetu ni wa miamba ya bahari za joto, na ukoo wake ni mwingine. Kulitohoa jina la Kiingereza kutatupa "kodi", neno lenye kazi nyingine inayojulikana na kila mtumishi wa serikali. Tunapendekeza gadasi, kutokana na jina la kitaalamu.

Tumeacha mwisho istilahi iliyo nzito kuliko zote. Dereva wa boti ya injini hutakiwa kujifunga kamba fupi mguuni, ambayo ncha yake ya pili imeshikizwa kwenye swichi. Akianguka, kamba huchomoka na injini huzimika papo hapo. Tarehe 5 Mei 2013, karibu na Padstow huko Cornwall, watu 6 wa familia moja walitupwa majini kutoka katika boti ya kasi. Kamba haikuwa imefungwa. Boti iliendelea kuzunguka bila mtu na kuwagonga. 2 kati yao walifariki. Boti hiyo haikuwa ya uvuvi, lakini kifaa ni kile kile.

Kwa Kiingereza jina la kamba hiyo limejengwa juu ya neno la kuua, na tafsiri ya neno kwa neno itamtisha msomaji bila kumfundisha. "Kamba ya usalama" nayo haitoshi, kwani chomboni kila kamba ni ya usalama kwa namna fulani. Msomaji aweza kudhani ni ya kufungia boti gatini. Tunapendekeza kamba ya kuzimia injini. Jina hilo ni refu kidogo, lakini anayelisoma hujua kamba inafanya nini, na kwa hiyo hujua kwa nini aifunge.

Kutokana na mifano hii tunaona utaratibu ufaao kufuatwa. Kwanza, tuwaulize wenye kazi yao, yaani wavuvi, manahodha na mafundi wa vyombo. Pili, neno la zamani likipatikana, lipewe kifaa kipya cha kazi ile ile. Tatu, tukibuni, jina lieleze kazi ya kitu. Tatu hiyo isitangulie ya kwanza. Walimu na wafasiri walio karibu na pwani wana nafasi njema ya kuyakusanya maneno haya madikoni, pamoja na maelezo ya matumizi yake, wakati wazee wanaoyajua wangalipo.