Korg modwave: bangili za shanga, zeze na ilimba

Januari 2021, kampuni ya Korg ya Japani ilitangaza sinthesaiza mpya ya kidijitali, modwave. Ina vitufe 37, inaweza kutoa sauti 32 kwa mpigo, na bei yake iliyotajwa wakati huo kule Marekani ilikuwa karibu dola 800. Kwa pesa yetu hiyo ilikuwa zaidi ya shilingi milioni 1.8, kabla hujalipia usafiri na ushuru. Kama una chumba chako cha studio hapa Levolosi, na laptop moja na maiki moja, swali ni la kweli kabisa: unapata nini hapo ambacho huna?

Hizi ni hisia za kwanza kutokana na tangazo, kifaa chenyewe bado hakijanifikia mikononi. Lakini tangazo likisomwa kwa jicho la fizikia linasema mengi.

Tuanze na mdomo wako. Shika noti moja, bila kukata pumzi, halafu imba "a-e-i-o-u" taratibu. Noti haijabadilika. Kilichobadilika ni rangi ya sauti, yaani umbo la wimbi linalotoka mdomoni. Sinthesaiza ya jedwali la mawimbi inafanya hicho hicho kwa namba.

Sasa chukua bangili ya shanga, zile wanazouza kina mama wa Kimaasai pale mjini. Kila ushanga uwe ni namba moja, na rangi zote ukiizunguka bangili mara moja ndiyo wimbi moja kamili. Kompyuta inasoma shanga moja baada ya nyingine na kuzungukazunguka bila kuchoka. Ikimaliza mizunguko 440 kwa sekunde, unasikia noti ya La. Ikizunguka mara 880, unasikia La ya juu yake. Kasi ndiyo noti, mpangilio wa shanga ndiyo rangi ya sauti.

Halafu vaa bangili nyingi, kuanzia kifundoni hadi kwenye kiwiko, kila moja ikitofautiana kidogo na jirani yake. Mkono mzima ndio jedwali la mawimbi. Wakati sauti inazunguka, unasogeza kidole kutoka bangili hadi bangili, na rangi inageuka kama ile "a" yako ilivyogeuka kuwa "e".

Wazo hili si jipya. Mjerumani Wolfgang Palm alilitumia kwenye vinanda vya kampuni yake ya PPG tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na PPG Wave 2 ya mwaka 1981 ndiyo iliyolipa jina. Kipya kwenye modwave ni wingi na namna ya kusogeza kidole. Korg wanasema kuna majedwali zaidi ya 200, kila moja likiwa na mawimbi hadi 64. Kuna pia kitu wanachokiita Kaoss Physics: fikiria gololi inayobingirika kwenye sinia lenye mashimo na vilima, na pale ilipo gololi ndipo sauti inapoelekea. Hilo limenivutia, maana mwendo wa gololi una uhai kuliko kuzungusha kitufe.

Kilichonifanya nicheke kidogo ni ile namba ya matangazo: aina zaidi ya milioni 230 za majedwali. Je, ni uongo? Hapana, ni kuzidisha tu. Majedwali 200, mara njia 30 za kuyarekebisha, mara njia 40 za kuyapindapinda, tayari ni 240,000. Changanya majedwali mawili mawili, mamilioni yanafika haraka. Lakini hata viungo 10 vya jikoni vinatoa michanganyiko 1,023, na bado mama ntilie anapika pilau moja ambayo watu wanaipangia foleni. Namba kubwa haikwambii ngapi kati ya sauti hizo utazitambua kuwa tofauti, wala ngapi utazipenda.

Swali lenye uzito kwetu ni lingine: sauti zetu zinaingia humo? Korg wanasema mtumiaji anaweza kuweka majedwali yake mwenyewe. Vizuri. Chukua zeze la Wagogo. Upinde unaushika uzi na kuuachia, unaushika na kuuachia, kila mzunguko karibu sawa na uliopita. Ndani ya mlio wa namna hiyo kuna milio midogo yenye kasi mara 2, mara 3, mara 4 ya mlio wa msingi, namba kamili tupu. Mpangilio wa aina hii unafunga bangili bila kuacha pengo, kwa hiyo zeze linaingia.

Ilimba itagoma. Chuma kilichobanwa upande mmoja na kuachwa huru upande wa pili, kwa hesabu za kitabuni, hutoa mlio wa pili wenye kasi kama mara 6.27 ya ule wa msingi. Kwenye ilimba halisi namba hiyo hubadilika kulingana na umbo la chuma na kinavyobanwa, ila hakuna kinachoilazimisha iwe kamili. Mzunguko wa kwanza ukiisha, mlio huo wa pili bado uko njiani, na bangili haifungi. Ukilazimisha kuifunga, mlio unavutwa hadi mara 6 au mara 7, na ule ubaridi wa chuma unapotea. Hata jedwali liwe na mawimbi mangapi, kila bangili ina tatizo lile lile. Kwa ilimba, rekodi mlio mzima tangu unapopigwa hadi unapozimika. Kwa bahati modwave inapiga rekodi pia.

Kwa hiyo, ununue? Kama unapiga jukwaani na unataka vitufe vya kushika, ni kifaa cha kukitolea macho. Kama lengo ni kujifunza, usiuze kitu cha nyumbani. Novemba 2020 Matt Tytel alitoa Vital, programu ya majedwali ya mawimbi yenye toleo la bure linalofanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida. Ipakue, rekodi "a-e-i-o-u" yako kwa simu, iingize humo kama jedwali, halafu sogeza kidole. Ukishalisikia hilo, utajua milioni 1.8 inanunua nini na hainunui nini.