Mizani iliyogeuza nane kuwa sifuri

Na Mwandishi Wetu, Kigali

JUMAMOSI moja asubuhi nilipita soko la Kimironko kununua maharage. Mama ambaye huwa nanunua kwake hakunipokea kwa kicheko chake cha kila siku. Alikuwa ameinamia mizani yake ya betri, anafuta kioo kwa ncha ya kitenge.

"Mwalimu, hii mizani imeanza wizi," aliniambia. "Jana nimewauzia watu wa mpakani gunia dogo, ikasoma kilo kumi. Na mimi nilikuwa nimelipima kwa jirani, kumi na nane!"

Nilimwomba aizime, kisha aiwashe tena. Mizani za aina hiyo zikiwashwa huonyesha 8 katika kila nafasi kwa sekunde moja au mbili, ndipo zirudi kwenye sifuri. Tukatazama pamoja. Nafasi zote zilitoa 8 isipokuwa moja, ambayo ilitoa 0. Mstari wake wa katikati haukutokea.

Ndugu msomaji, namba za mizani huundwa kwa mistari saba. Namba 5 ikikosa mstari wa katikati huonekana kilema na kila mtu hushtuka. Lakini 8 ikiukosa, hugeuka 0 safi isiyo na kasoro. Ndivyo kumi na nane ilivyokuwa kumi, na kilo nane za maharage zikavuka mpaka bure.

"Fundi amesema kioo kimekufa, eti maji yake yameharibika," mama akaongeza. Bei aliyotajiwa ilikaribia ile ya mizani mpya.

Fundi huyo hakusema uongo mtupu. Ndani ya kioo kile kuna majimaji kweli. Ila katika vyote vilivyomo ndani ya mizani, majimaji hayo ni miongoni mwa vitu vigumu zaidi kuharibika. Anayejua tabia yake hudanganywa mara chache, na mfanyabiashara wa mpakani anayatazama kutwa nzima: kwenye mizani, kwenye kikokotoo, kwenye simu ya kitochi na hata kwenye mita ya Cashpower nyumbani.

Hali ya nne

Nilipokuwa darasani Karagwe, Tanzania, kabla ya wazazi wangu kurudi nyumbani mwaka 1996, mwalimu wetu alitufundisha kwamba maada ina hali tatu: yabisi, kimiminika na gesi. Tuliimba hizo tatu mpaka tukazikariri. Hakutuambia kwamba kuna vitu ambavyo haviendi moja kwa moja kutoka yabisi hadi kimiminika, bali hupitia hali ya kati. Sisi tuliokulia nje, si wenyeji kamili kule wala hapa, tungeielewa upesi.

Hali hiyo inaitwa fuwele kimiminika. Aina inayotumika katika vioo vya namba huitwa nematiki, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya uzi, kwa kuwa chini ya hadubini huonekana mistari kama nyuzi. Jina hilo lilitolewa na Mfaransa Georges Friedel mwaka 1922.

Ili kuielewa, fikiria sambaza wa ziwa Kivu. Sambaza waliopangwa kwenye kopo, safu juu ya safu, kila mmoja mahali pake, hao ni yabisi. Sambaza waliotawanyika kwa woga, kila mmoja akikimbilia kwake, hao ni kimiminika cha kawaida. Sasa fikiria kundi linaloogelea kwa utulivu: hakuna safu, hakuna mwenye nafasi yake, wanapishana muda wote, lakini miili yao yote imelala upande mmoja. Hiyo ndiyo nematiki. Tofauti ni moja: molekuli hazijali kichwa na mkia. Nusu hutazama huku na nusu kule, mradi zimelala sambamba.

Karoti na vyuma viwili vya joto

Wa kwanza kukutana na jambo hili hakuwa akitafuta vioo. Mwaka 1888, mjini Prague, mtaalamu wa mimea Friedrich Reinitzer alikuwa akichunguza kemikali iliyotokana na karoti. Aliipasha moto ikayeyuka kwenye nyuzi 145.5, lakini ikawa nzito kama uji, yenye ukungu. Alipoendelea hadi nyuzi 178.5, ukungu ulitoweka ghafla na kimiminika kikawa angavu. Kitu kimoja kilikuwa na viwango viwili vya kuyeyuka!

Alimwandikia Mjerumani Otto Lehmann, aliyekuwa na hadubini yenye kupasha moto, naye akathibitisha kwamba uji ule ulitiririka kama maji huku ukichezea mwanga kama fuwele. Kemikali ile ilikuwa ndugu wa karibu wa nematiki, ambaye molekuli zake hujisokota.

Kwa miaka mingi jambo hilo lilibaki la maabara. Nani atanunua kikokotoo kinachofanya kazi kwenye nyuzi 150 tu?

Umbo la molekuli

Jibu lilipatikana Uingereza, Chuo Kikuu cha Hull, ambako George Gray na wenzake walitengeneza mwaka 1972, na kutangaza mwaka 1973, molekuli ambayo wataalamu huiita 5CB.

Umbo lake si gumu kulieleza. Katikati kuna pete mbili za kaboni zilizounganishwa moja kwa moja, kiwiliwili kigumu kisichopinda. Upande mmoja kuna kaboni na naitrojeni zilizoshikana kwa nguvu, na hapo ndipo umeme huishika molekuli. Upande wa pili kuna mkia laini wa kaboni tano. Urefu wa molekuli nzima ni takriban sehemu mbili za milioni ya milimita.

Kila kipande kina kazi. Kiwiliwili kigumu na kirefu ndicho kinachozilazimisha molekuli kulala sambamba. Mkia unazizuia kuganda mapema. Mkia ukirefushwa hadi kaboni nane, molekuli huanza kujipanga matabaka kwenye joto la chini, na nematiki hubaki eneo dogo tu juu yake. Kemikali za kabla ya hapo zilikuwa na kiungo dhaifu kati ya pete zake, na unyevu au mwanga uliziharibu. Gray alikiondoa kiungo hicho. Ndiyo maana kikokotoo cha miaka ishirini bado kinasoma.

Lakini 5CB peke yake isingetosha hata hapa Kigali. Huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi na kupoteza mpangilio kwenye nyuzi 35. Kigali usiku hushuka hadi karibu nyuzi 16, na mchana hupanda hadi 27 hivi. Mizani yenye 5CB tupu ingeweza kuganda alfajiri na kuamka saa sita mchana. Na mfanyabiashara akienda nayo Dubai wakati wa kiangazi, ingekufa kabla hajatoka uwanja wa ndege.

Dawa yake wanaijua wauzaji wa mawese. Mawese asubuhi ya baridi huganda kwenye dumu, lakini ukiyachanganya na mafuta ya alizeti huchelewa kuganda. Molekuli za maumbo tofauti huzuiana kujipanga. Vivyo hivyo wataalamu walichanganya kemikali nne za ukoo mmoja, zaidi kidogo ya nusu ikiwa 5CB, na moja yenye pete tatu ili kupandisha kikomo cha juu. Mchanganyiko huo, ulioitwa E7, hubaki nematiki kutoka chini ya sifuri hadi karibu nyuzi 60. Baadaye ikaja michanganyiko mingine yenye kuvumilia zaidi.

Namba hutokeaje?

Majimaji hayo hukaa kati ya vioo viwili vilivyoachana kwa nafasi nyembamba kuliko unywele. Kila kioo kimesuguliwa kwa ndani upande mmoja, na molekuli zinazokigusa hulala kufuata msuguo huo. Kioo cha juu kimegeuzwa robo duara, hivyo molekuli hupanda kama ngazi ya kuzunguka, nao mwanga huzunguka pamoja nazo. Nje ya vioo kuna karatasi mbili za kuchuja mwanga. Mwanga uliozungushwa hupita zote mbili, na kioo huonekana cheupe.

Umeme kidogo ukipita, molekuli husimama wima. Ngazi inavunjika, mwanga hauzunguki, karatasi ya pili inauzuia. Mahali hapo panakuwa peusi, na ndio mstari wa namba. Mbinu hii ilibuniwa na Martin Schadt na Wolfgang Helfrich nchini Uswisi mwaka 1970. Kwa kuwa kioo hakitoi mwanga wake, bali huuruhusu au kuuzuia, betri ndogo hudumu muda mrefu.

Kosa langu mwenyewe

Na mimi nimewahi kulipia ujinga huu. Mwaka 2008 nilitoka Rusumo kwa gari la rafiki, nikaacha simu yangu ya kitochi kwenye dashibodi, juani. Tulipofika Nyabugogo kioo kilikuwa cheusi chote. Nilikimbilia kibanda cha fundi mmoja, naye akaniambia kimekufa. Nilimwachia kwa faranga 3,000, kama vipuri. Kesho yake niliiona mezani kwake, kioo kikisoma vizuri, bei faranga 15,000.

Sijui kama alinidanganya au naye alishangaa. Ninachojua ni kwamba simu ilikuwa ya moto. Majimaji yalikuwa yamevuka kikomo chake, molekuli zikatawanyika, mwanga ukakosa wa kuuzungusha. Yalipopoa yalijipanga upya yenyewe. Na mimi nilikuwa mwalimu wa fizikia!

Mambo ya kuzingatia

Kwa wanaoishi kwa mizani na simu, haya yafaa kukumbukwa:

Kila asubuhi, kabla ya kupima, tazama 8 zote mizani inapowaka. Ndiyo kazi ya 8 hizo.

Mstari mmoja ukikosekana, mara nyingi kosa liko kwenye ukanda wa mpira unaopeleka umeme kwenye kioo: vumbi, unyevu au skrubu iliyolegea. Mwambie fundi ausafishe kwanza kabla ya kukuuzia kioo. Mizani ya biashara ikishafunguliwa, ipelekwe kwa wakaguzi wa vipimo wa serikali.

Kioo kikiwa cheusi chote na kifaa ni cha moto, kiweke kivulini kipoe chenyewe. Usikitie kwenye friji, kitaingia unyevu.

Alfajiri ya Musanze namba zikibadilika polepole, ni baridi imeyafanya majimaji kuwa mazito. Subiri.

Doa jeusi linaloenea baada ya kifaa kuanguka ni ufa. Hapo kioo kimekufa kweli, na ukigusa majimaji yake nawa mikono.

Simu nyingi za bei kubwa za leo zina vioo vya aina nyingine visivyo na majimaji haya, kwa hiyo ushauri wa joto na baridi hauzihusu kwa namna ileile.

Yule mama wa Kimironko alirudi kwa fundi na sharti moja: afungue mbele yake. Ukanda wa mpira ulikuwa na unga wa mihogo. Ulifutwa kwa spiriti, ukarudishwa, na 8 zote zikatokea. Kabla ya kuanza kuuza aliipeleka ikakaguliwa. Kilo nane za watu wa mpakani hakuzidai, alisema ni ada ya shule. Ila sasa kila asubuhi, kabla hajafungua gunia, humwita binti yake wahesabu nane pamoja.