Picha ya Pombe ya Ndizi

Ndugu wasikilizaji wa Bukoba na Muleba! Leo tunaweka kitabu chini kidogo, tusome picha. Ndiyo, picha nayo husomwa, na asiyejua kuisoma hudanganyika upesi kama asiyejua herufi.

Palikuwa na mchoraji Mtanzania, jina lake Sam Ntiro. Alizaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923, akafariki mwaka 1993. Alijifunza kuchora Makerere, Uganda, kwa Bibi Margaret Trowell, kisha akaenda London kuongeza elimu. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, yeye ndiye aliyetumwa kuwa Balozi wetu Uingereza.

Mwaka 1956 alichora wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku. Picha hiyo imo katika jumba kubwa la sanaa huko New York, Marekani. Lakini ninyi mnaijua habari yake kuliko watazamaji wa New York. Mnajua jinsi ndizi zinavyoivishwa, zinavyokamuliwa kwa miguu pamoja na nyasi, na jinsi mtama unavyotiwa ili rubisi ichachuke. Wachaga wao hutia ulezi. Safari ya kwenda ukweni na pombe ni ile ile.

Basi tazameni vijiji vya Ntiro. Watu wanafanya kazi pamoja, migomba imestawi, hakuna anayegombea mpaka. Lakini katika miaka ile ya 1950 ardhi ya Wachaga ilikuwa imekwisha kuwa haba, na vijana wengi walikosa kihamba. Mambo hayo ni shida kuyaona katika picha zake. Je, alisema uongo? Mimi sioni hivyo. Alikuwa amekaa miaka mingi mbali na kwao, Kampala na London, na mtu aliye mbali hukumbuka karamu kabla ya kukumbuka kesi.

Hatari iko kwa mtazamaji. Mgeni akiiona picha hiyo tu, atadhani mkulima wa migomba hana haja ya dawa, barabara wala shule, maana raha anayo tayari. Fikirini kibanja cha Muleba. Mnyauko wa migomba uliingia Kagera katika miaka ya 2000, na wengi wenu mmeing'oa na kuifukia migomba kwa mikono yenu wenyewe. Sasa akija mtu akakichora kibanja hicho chote kijani, akaipeleka picha mjini, nani atawasadiki mkiomba msaada?

Haya, shikeni kalamu. Tafuteni picha moja nyumbani, hata ile ya kalenda ya dukani. Andikeni mistari mitatu: nani yumo, anafanya nini, na kitu gani mnachokijua ninyi ambacho hakimo. Mwalimu wenu atasahihisha herufi tu; mstari wa tatu ni wenu. Kwaherini.