Nyangumi na Kiboko: Ukoo Mmoja, Hatari Moja

Nyangumi, ingawa huishi baharini na umbo lake hufanana na la samaki, ni mamalia, yaani mnyama mwenye damu moto anayezaa na kunyonyesha. Jamaa yake wa karibu kuliko wote walio hai leo ni kiboko, mnyama anayefahamika na wakazi wa mji wa Bunia, mashariki mwa Kongo, kwa kuwa hupatikana katika Ziwa Albert na Ziwa Edward. Undugu huo ulidhihirishwa na uchunguzi wa chembe za urithi katika miaka ya 1990. Mwaka 2001 ulitiliwa nguvu na visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, vilivyofukuliwa Pakistan, ambavyo vilionyesha kwamba nyangumi wa kwanza walikuwa na miguu minne, na kifundo chao kilikuwa na umbo lile lile lililomo katika miguu ya ng'ombe, nguruwe na kiboko.

Kwa kuwa hupumua kwa mapafu, nyangumi hulazimika kuibuka ili avute hewa kwa tundu lililo juu ya kichwa chake, lakini misuli na damu yake huhifadhi oksijeni nyingi kiasi kwamba baadhi ya jamii zake huweza kuzama kwa zaidi ya saa moja. Baadhi ya nyangumi wana meno na huwinda samaki na ngisi. Wengine, akiwemo nyangumi wa buluu ambaye hufikia urefu wa mita 30, hawana meno bali mabamba yenye nyuzi ngumu ambayo huchuja uduvi wadogo kutoka majini.

Udhaifu wa ukoo huu umo katika uzazi wake. Nyangumi mwenye nundu hubeba mimba kwa miezi 11 hadi 12 na huzaa ndama mmoja kila baada ya miaka miwili au mitatu, na kiboko naye, ambaye mimba yake huchukua takribani miezi minane, kwa kawaida huzaa mmoja tu, hivyo mauaji yakizidi uzazi, hata kundi kubwa huporomoka upesi. Katika karne ya 20 binadamu waliua nyangumi wakubwa wanaokaribia milioni 2.9 kwa ajili ya mafuta na nyama. Katika Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliyo mashariki mwa Kongo, viboko waliokadiriwa kuwa 29,000 katikati ya miaka ya 1970 walibaki chini ya 1,000 mwaka 2005, baada ya miaka ya vita ambapo watu wenye silaha waliwaua kwa ajili ya nyama na meno yao.

Hasara hiyo haiishii kwa wanyama wenyewe. Kinyesi cha nyangumi hurutubisha bahari kwa madini ya chuma yanayokuza mimea midogo isiyoonekana kwa macho, ambayo ni msingi wa chakula cha viumbe wa baharini. Kiboko vilevile hula majani nchi kavu usiku, kisha huyarudisha ziwani yakiwa mbolea ya mwani unaoliwa na samaki kama tilapia, ambao ni riziki ya wavuvi wengi.

Ushahidi kwamba uharibifu huu unaweza kusimamishwa upo. Tume ya Kimataifa ya Nyangumi, iliyoundwa mwaka 1946, ilisitisha uwindaji wa kibiashara kuanzia mwaka 1986, na ingawa nchi chache ziliendelea kuwinda, nyangumi wenye nundu, ambao hufika kuzaa katika pwani za Afrika Mashariki na vilevile za Afrika ya Kati upande wa Atlantiki, wameongezeka tena katika bahari nyingi. Hata hivyo bado huuawa kwa kugongwa na meli na kunasa katika nyavu, huku kelele za injini zikivuruga sauti wanazotumia kuwasiliana.

Viboko wa mashariki mwa Kongo wanastahili ulinzi kama huo, na ulinzi huo unawategemea walinzi wa hifadhi, ambao zaidi ya 200 wameuawa kazini Virunga pekee. Pia unawategemea wanunuzi wanaokataa nyama ya kiboko sokoni, kwa sababu pasipo mnunuzi, jangili hana faida ya kuua.