Debe Tupu na Hukumu ya Masikio

Wahenga walitufunza kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Methali hiyo nimeifundisha darasani kwa miaka mingi, lakini ni juzi tu nilipotambua kwamba mimi mwenyewe ni mtumwa wa mvumo.

Nilikuwa na twita mbili, yaani zile spika ndogo zitoazo sauti nyembamba. Moja ilikuwa na kiwambo cha hariri. Nyingine, iliyonigharimu zaidi, ilikuwa ya aluminiamu. Nilizitia katika makasha mawili yanayofanana, nikayaweka bega kwa bega sebuleni, kisha nikacheza wimbo mmoja wa rumba, nikibadilisha kwa swichi. Hukumu niliitoa papo hapo: aluminiamu ni bora!

Binti yangu, mwanafunzi wa sekondari, akaniuliza kwa adabu, "Baba, mbona hiyo unayoisifu inalia kwa nguvu zaidi?"

Naam, ndivyo ilivyokuwa. Twita mbili zikipewa umeme ule ule, moja huweza kulia kwa nguvu kuliko nyingine. Na sikio la mwanadamu aghalabu hudhani kwamba kilichozidi nguvu kidogo ndicho kilichozidi ubora. Tukaifungia ile ya aluminiamu rezista ndogo hadi zikalingana. Kisha nikageukia ukuta, naye akawa anabadilisha bila kunitajia. Nilikisia mara 10, nikapata mara 5. Shilingi iliyorushwa hewani ingefaulu vivyo hivyo!

Ilipofika zamu yake, binti alipata 9. Alizitambua kwa mlio wa matoazi ambao mimi sikuusikia kamwe. Sikio changa huweza kusikia sauti yenye mitetemo ipatayo 20,000 kwa sekunde. Umri unapozidi, sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kutuaga. Kumbe hakimu mwenyewe alikuwa na upungufu, na hakujua.

Ndugu msomaji, tangu siku hiyo dhamiri yangu haijatulia. Je, ni insha ngapi nilizozitunuku alama kwa sababu mwandiko wake uling'aa, au kwa sababu jina lililoandikwa juu lilikuwa la mwanafunzi niliyezoea kumsifu? Na ni ngapi zilizokuwa na utamu ambao sikio langu halikuweza kuufikia?

Sasa nasahihisha huku nimeyafunika majina. Na mwanafunzi akiniambia, "Mwalimu, hapa hukunisoma vyema," sikasiriki. Naisoma tena.