Shaka si kosa: Funzo kutoka mizani ya majani chai

MWANAFUNZI mmoja wa Fizikia, kijana wa kwetu Nyamira, alinijia ofisini majuzi na rasimu ya makala. Alikuwa akieleza kwa Kiswahili jinsi wanasayansi wanavyopima nishati ya chembe katika mitambo ya kugonganisha chembe. Kila alipotaja kile kiasi ambacho kipimo kinaweza kuzidi au kupungua, aliandika "kosa la kipimo".

Nikamuuliza, "Ni nani amekosa hapa?"

Akacheka. "Hakuna, Prof. Ni vile tu mtu hawezi kujua kabisa."

Basi kama hakuna aliyekosa, mbona tuite kosa?

Kitenzi "kukosa" kina mizigo mingi. Mtu hukosa basi, hukosa karo, na humkosea jirani. Nomino "kosa" imeelemea maana hii ya mwisho, ile ya hatia. Ndiyo maana msomaji akiambiwa kipimo kina kosa, hudhani kuna mtu aliyezembea.

Hebu nieleze kwa kisa. Nikiwa mvulana nilimsaidia mama kubeba majani chai hadi kituo cha kununulia. Nyumbani tulikuwa na mizani ndogo ya kuning'iniza. Ikisoma kilo 20, ile ya kituoni ilisoma 18 na nusu. Ikisoma 16, kituoni ni 15. Siku moja mama aliuliza, na karani akamjibu, "Mama, mizani zote huwa na makosa kidogo."

Mama, ambaye hakuwahi kuketi darasani, akasema, "Sawa, lakini mbona makosa yake huangukia upande wangu tu?"

Karani akamwita mtu aliyefuata kwenye foleni.

Swali la mama ndilo kiini cha somo zima. Kuna hitilafu za nasibu, ambazo leo huzidisha na kesho hupunguza. Hizi hufifia ukirudia kipimo: ukipima mara 100 na kutafuta wastani, shaka inayotokana nazo hupungua mara 10. Halafu kuna hitilafu za mwelekeo, ambazo huvuta upande uleule kila siku. Hizi, hata ukipima mara milioni, hazitoki.

Katika maabara ya CERN, karibu na Geneva, protoni hugonganishwa ndani ya njia ya mviringo yenye urefu wa kilomita 27 chini ya ardhi. Elektroni inayotoka kwenye mgongano huo huingia katika kifaa kiitwacho kalorimita, ikapasuka kuwa mvua ya chembe nyingine, na kifaa kikasoma ukubwa wa mvua hiyo. Elektroni mbili zenye nishati sawa hazitoi usomaji sawa kabisa. Hiyo ni nasibu. Lakini je, kama kifaa chenyewe huzidisha daima?

Hapo ndipo panapohitajika jiwe la mizani. Mama alitumia pakiti ya unga ya kilo 2 ambayo haijafunguliwa: aliitundika, mizani yetu ikasoma 2. Wanafizikia hutumia chembe iitwayo Z, ambayo huweza kuvunjika na kutoa elektroni na pozitroni. Uzito wake, kwa vizio vya nishati, ni takriban MeV 91,188, kwa shaka ya 2 hivi. Ni sawa na kupima gunia la kilo 100 kwa shaka ya gramu 2 hivi. Kipimo cha elektroni na pozitroni hizo kikitoa jibu lililo juu ya hapo daima, kifaa kinazidisha, nao hukirekebisha.

Niseme haki, pakiti ya kilo 2 haithibitishi usomaji wa kilo 20. Mizani inaweza kuwa sahihi kwenye mzigo mwepesi na kupotoka kwenye mzito. Wanafizikia nao wanalijua hilo, hivyo hutumia pia chembe nyepesi zaidi, J/psi, kukagua nishati za chini. Pengo lolote linalosalia huandikwa wazi kama sehemu ya shaka.

Hata hilo jiwe la Z halikupatikana kwa urahisi. Lilipimwa miaka ya 1989 hadi 1995 kwa mtambo wa LEP, uliokuwa katika njia hiyohiyo ya kilomita 27. Watafiti waliona nishati ikipanda na kushuka bila sababu. Kumbe mwezi, uleule unaojaza na kukupwisha bahari Mombasa, huvuta pia mwamba, na mzunguko wa njia ukabadilika kwa milimita moja hivi. Baadaye wakagundua kwamba umeme wa gari moshi zinazopita karibu ulikuwa ukivujia ardhini hadi kwenye mtambo. Hapakuwa na mtu aliyezembea. Kulikuwa na visababishi vya kutafutwa kimoja kimoja na kukadiriwa.

Kwa hivyo napendekeza hivi. Tofauti kati ya usomaji na ukweli tuiite hitilafu, neno ambalo asili yake ya Kiarabu ni "kutofautiana". Kiasi tunachokiri kwamba hatukijui tukiite shaka ya kipimo, kwa umoja, maana "mashaka" kwetu ni taabu. "Kosa" tumwachie mtu aliyesoma vibaya, au aliyejua mizani imepotoka akanyamaza.

Kwa mkulima wa Kisii au Nyamira, tofauti ya maneno haya ni karo ya mtoto. Akiambiwa mizani ina "makosa kidogo", ana haki ya kuuliza: kiasi gani, na upande upi? Anayeshindwa kujibu hajapima bado.

Kijana wangu amerudisha rasimu. "Kosa" limebaki mahali pamoja tu, pale anapokiri kwamba yeye mwenyewe alinakili tarakimu vibaya.