Barabara Hufuata Idadi ya Vichwa

Ukitaka kukijua kijiji cha India kabla hujakanyaga ardhi yake, fungua kitabu cha sensa cha wilaya. Humo kila kijiji kina mstari wake: kaya ngapi, wanaume na wanawake wangapi, watoto walio chini ya miaka saba, wanaojua kusoma na kuandika, na waliofanya kazi miezi sita au zaidi kwa mwaka. Baada ya watu huja usafiri. Basi linafika? Stesheni ya treni ipo? Barabara ni ya lami? Kisichopatikana kijijini huandikiwa herufi: a kikiwa umbali usiofika kilomita 5, b kikiwa kati ya 5 na 10, c kikizidi hapo. Kwa mama mjamzito asiye na chombo cha usafiri, c kwenye safu ya basi ni mwendo wa saa mbili na zaidi kwa miguu.

Sensa ya 2011 iliorodhesha vijiji 640,867. Wahindi milioni 833, karibu 69 katika kila 100, waliishi vijijini.

Takwimu za sensa haziishii kabatini. Tarehe 25 Desemba 2000, serikali ya Waziri Mkuu Atal Bihari Vajpayee ilizindua mpango wa barabara za vijijini, Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana. Kanuni yake ilikuwa wazi: kitongoji cha tambarare chenye watu 500 au zaidi kinastahili barabara ipitikayo masika na kiangazi; milimani, jangwani na kwenye maeneo ya makabila ya asili, 250 wanatosha. Vyenye watu wachache zaidi visubiri.

Wapo waliochoka kusubiri hata kabla ya mpango huo. Kijijini Gehlaur, wilaya ya Gaya katika jimbo la Bihar, kilima kiliwatenga watu na mji wa Wazirganj, wakalazimika kuzunguka mbali kutafuta daktari na soko. Dashrath Manjhi, kibarua wa tabaka la chini la Musahar, alianza kukichonga kilima hicho mwaka 1960 kwa nyundo na tindo. Alimaliza mwaka 1982. Njia yake ya mita 110 ilipunguza safari ya kilomita 55 hadi 15. Alipofariki mwaka 2007, jimbo lilimpa maziko ya heshima za kiserikali.

Je, barabara ikifika inaleta nini? Watafiti Sam Asher na Paul Novosad walilinganisha vijiji vilivyovuka kidogo kiwango cha mpango na vilivyokikosa kidogo. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2020, mavuno, kipato na mali za kaya havikubadilika sana. Kilichobadilika ni kazi: watu waliacha vibarua vya shambani wakaenda kutafuta ajira nje ya kijiji. Lami peke yake haimtajirishi mkulima, ila humfungulia mlango wa kutokea.

Wakati mwingine hata chombo kidogo hutosha. Mwaka 2006 Bihar ilianza kuwapa wasichana wa darasa la tisa fedha za kununua baiskeli. Uandikishaji wao katika sekondari ulipanda kwa asilimia 32, na waliofaidika zaidi ni wale ambao shule zao zilikuwa mbali.

Tatizo sasa ni umri wa hesabu. Sensa ya 2021 iliahirishwa kwa sababu ya UVIKO-19, na mpya imepangiwa 2027. Hata hivyo, awamu ya nne ya mpango wa barabara, iliyoidhinishwa Septemba 2024 ili kujenga kilomita 62,500 kwa vitongoji 25,000, inatumia idadi ya 2011. Mtoto aliyezaliwa 2012 hayumo katika hesabu hiyo, ingawa kila siku anakanyaga tope akienda shule. Nchi inayogawa barabara kwa idadi ya vichwa haina budi kuhesabu watu wake kwa wakati. Ikichelewa, anayeumia ni mwanakijiji.